Baba wa Binti Hasimami

Haya nayaandika nimesimama, karatasi zikiwa juu ya friji la bucha yangu hapa Kasulu, kwa sababu kukaa bado ni kazi. Nikikaa, mguu wa kushoto unaanza kuniongelesha. Nikisimama sana nao unachoka. Kwa hiyo naandika mistari michache, natoka, natembea mpaka kwa fundi baiskeli, narudi, naandika tena. Ukiona mahali habari imekatika ghafla, ujue hapo nilikuwa barabarani.

Mimi ni mtu wa nyama. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza vizuri, lakini niletee yeyote mwenye digrii, nimpe ng'ombe mzima na kisu, tuone nani atanawa mikono kwanza. Nilianza kwa kubeba vichwa na kwato kutoka machinjioni, kijana mwembamba, damu inanichuruzika shingoni, watu wananipisha njia. Leo nina bucha mbili hapa na moja Kibondo, na zote nimezijenga kwa mgongo huu. Sisemi kwa mfano. Baba yangu aliniachia jembe na jina la ukoo. Paja la nyuma la dume, ambalo vijana wa siku hizi wanalishika wawili wakiguna, mimi nalipiga begani peke yangu, na njiani nasalimia watu.

Ndiyo maana nilivyoumia inaniudhi mpaka leo. Sikuumia na paja. Niliinama kuokota sabuni.

Ilikuwa asubuhi, bafuni. Kipande cha sabuni kilinitoka mkononi, nikainama bila kufikiri, nimejipinda kidogo upande mmoja, na kitu kikalia kiunoni. Siyo mlio wa kusikia kwa masikio. Ni ule wa ndani, kama kano inavyoachia mfupa ukiitia kisu. Halafu moto ukashuka: takoni, nyuma ya paja, pembeni ya goti kwenda chini, ukapita juu ya unyayo ukaishia kwenye kidole gumba. Mama watoto alinikuta nimeegemea ukuta kwa mikono miwili, povu limenikaukia kichwani.

"Baba watoto, unasukuma nyumba?"

Nilikuwa naogopa hata kukohoa, maana nikikohoa moto ulipita njia ile ile.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa kuzunguka. Kitandani nageuka, mezani nakula nikitembea na sahani, kanisani nasimama nyuma kama mlinzi. Bucha ilijaa matabibu. Jirani yangu mwenye duka la vitambaa, mtu wa Ujiji, alisema ni figo. Mwingine akasema chango. Mama mmoja Mkongo anayekuja kutoka kambi ya Nyarugusu kuchukua utumbo wa kuuza alinitazama nikichechemea, akasema, "Papa, hiyo iko mugongo tu. Ulibeba sana." Nikamwambia kubeba hakujawahi kuniumiza. Akacheka, akaomba nimwongezee kipande.

Yote hayo ningeyavumilia. Shida ni kwamba Jumamosi iliyokuwa inakuja nilitakiwa kukaa.

Binti yangu wa kwanza, mwalimu kule Kibondo, alikuwa anatolewa posa. Wanaoposa ni watu wa Murungu, huko huko Kibondo, familia iliyovuka kutoka Burundi zamani, sasa ni raia kama mimi, wakulima wa maharage na migomba. Kijana mwenyewe nilimkubali siku nyingi, ingawa sikumwambia. Lakini kwetu kukubali hakusemwi tu. Wageni wanaleta chungu kimefunikwa jani la mgomba, wanakiweka mbele ya baba wa binti, mirija imechomekwa. Baba anakaa kwenye kigoda. Msemaji wao anasema, na anasema kweli kweli, maana hiyo ndiyo siku yake. Mpaka amalize, na mpaka baba avute mrija wa kwanza, baba wa binti hasimami. Akisimama kabla ya hapo amekataa. Hakuna kuulizana, hakuna kuelezana. Wageni wanabeba chungu chao wanaondoka, na hawarudi.

Na watu wa Murungu walikuwa wananijua kwa jambo hilo hilo. Alipokuja mtu kumposa mdogo wangu wa kike, baba akiwa ameshafariki, mimi ndiye niliyekaa kigodani. Mposaji alikuwa mlevi, kila mtu anajua. Msemaji wao alipofika katikati ya maneno matamu, nilisimama, nikajikung'uta suruali. Chungu kikarudi kilikotoka. Habari hiyo ilitembea mpaka Kakonko, na sitasema nilichukia ilivyotembea. Ila sasa ilikuwa imegeuka. Wageni wangekuja wakiyatazama magoti yangu.

Mke wangu alisema kaka yangu mkubwa akae badala yangu. Nikamwambia nyumba hii sikujengewa na kaka. Nikaenda hospitali kutafuta sindano ya kunikalisha.

Daktari alikuwa binti, umri wa mwanangu huyo huyo.

"Kaa, baba."

"Siwezi kukaa. Ndicho kilichonileta."

Akanilaza chali, akauinua mguu wangu wa kushoto ukiwa umenyooka. Haukufika mbali, nikashika kingo za kitanda. Akauinua wa kulia, ukaenda mpaka juu bila neno. Akanigonga magoti na visigino kwa kinyundo cha mpira. Halafu akanishika kidole gumba cha mguu.

"Kivute juu, kuelekea kwako. Usikubali nikishushe."

Nikakivuta. Akakibonyeza kwa kidole chake kimoja, kikashuka. Nikavuta tena, kikashuka tena. Mimi, wa paja la dume begani.

Aliniuliza mambo ambayo binti hamuulizi mzee: mkojo unatoka vizuri, choo unakisikia, na pale panapogusa siti ya baiskeli pana ganzi? Nikasema mambo hayo yako salama. Akasema siku nikisikia ganzi pale, au mkojo ukagoma, nisingoje kesho wala nisimuulize mtu wa duka la vitambaa, nije saa ile ile, kwa sababu hapo ni upasuaji wa haraka au kulemaa.

Nilitaka picha. Akasema eksirei inaonyesha mfupa, na ugomvi wangu hauko kwenye mfupa. Akachukua kalamu akaanza kunichorea pingili.

"Daktari," nikamwambia, "nyingine zote nifundishe. Mgongo usinifundishe. Mimi napasua migongo kila siku ya Mungu, kwa shoka, katikati, bila kukosea. Najua kila pingili."

"Vizuri," akasema. "Kiunoni ziko ngapi?"

"Sita."

"Tano."

"Ng'ombe wangu wana sita."

"Ng'ombe wako, ndiyo. Wewe una tano."

"Kwa hiyo nimepunjwa?"

Akacheka, lakini hakurudi nyuma. Nami sikulala vizuri. Kesho yake nilifika pale na kipande cha kiuno cha ng'ombe kimefungwa kwenye gazeti, pingili nne zimeshikana, na kisu changu kidogo. Wagonjwa kwenye benchi walinisogelea wakidhani nauza.

Nilitegemea anifukuze. Alitandika karatasi mezani, akasema, "Haya, nionyeshe."

Nikamwonyesha. Hii pingili, hii mwenzake, na katikati ni kile kisahani tunachokitupia mbwa. Nikakikata kwa ubapa. Kwa nje ni pete juu ya pete, ngumu, nyeupe, kama kitunguu kilichogoma kuiva. Katikati kuna ute mzito, kama ugali wa muhogo uliozidi maji. Nikamwambia ndama ute wake unang'aa na unateleza, na ng'ombe mzee wake umekauka, visu vinapita kama kwenye kamba kuukuu.

"Na dume la katikati?" akauliza.

"La katikati pete zimeanza kupasuka, ila ute bado una nguvu."

"Hapo ndipo ulipo wewe. Mzee sana hana cha kusukuma, kijana pete zake nzima. Wa katikati ndiye anayepasukiwa."

Sikuipenda, lakini ilikuwa kweli, maana nilikuwa nimeisema mwenyewe. Kisha nikamwonyesha ile kamba nyeupe inayopita kwenye mfereji wa nyuma ya pingili, nikasema hiyo inakwenda mpaka karibu na mkia. Akasema kwa ng'ombe, ndiyo. Kwa mtu kamba inaishia juu, karibu na mbavu zinapoisha, na kutoka hapo inachanua nyuzi nyuzi kama usinga. Kila uzi unateremka na kutoka kwenye tundu lake. Mmoja unakwenda kwenye kidole gumba cha mguu.

Halafu alifanya jambo moja ambalo bado naliona nikifumba macho. Aliichukua mifupa yangu iliyolala mezani akaisimamisha.

"Ng'ombe wako mgongo wake ni boriti, umelalia miguu minne. Wa kwako ni nguzo. Kichwa, mikono, tumbo, paja la dume, vyote vinashukia hapa chini, kwenye pingili ya nne na ya tano." Akachukua kisu changu, akachoma ufa mdogo nyuma ya kisahani kimoja, pembeni, upande wa kushoto. Akabonyeza pingili ya juu kwa mbele, taratibu, kama mtu anayeinama. Ute ukachungulia kwenye ufa. Ukatoka kidogo, mweupe, kiasi cha punje ya harage.

"Huyo ndiye anayekukalia uzi wa kidole gumba."

"Kwa ajili ya sabuni?"

"Sabuni imemalizia. Ufa una miaka."

Nikamwambia basi aurudishe ndani, apige kidogo kwa nyuma, kama tunavyorudisha kabari. Akasema haupigwi, na asije mtu akanikanyaga wala kunivuta kwa kamba. Kilichotoka, kwa watu wengi, mwili wenyewe unakila polepole, wiki na miezi, maumivu yanapungua, na wachache tu wanafika kupasuliwa. Akaniambia pia nisiende kuwagawia wengine ugonjwa wangu. Wapo ambao mfereji umebanwa na mifupa iliyoota kwa umri, wapo ambao pingili moja imeteleza mbele ya mwenzake, na wengi kuliko wote ni viungo na misuli vimechoka tu, ukipiga picha huoni cha kulaumu.

"Nipe sindano nikae Jumamosi."

"Nitakupa dawa zipunguze. Lakini kukaa umeinama mbele ndiko kunakobana kuliko kusimama. Kaa vipande vifupi, simama, tembea."

Nikamweleza habari ya kigoda. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Si uwaambie wakwe kwamba mgongo unauma?"

Hapo ndipo nilipoona ni mtoto wa mjini. Kwetu mwanamume akitangaza mgongo wake umeisha, wanawake wanatazamana. Na mimi niwaambie hivyo watu wa Murungu siku ya kwanza, wakiwa ndani ya nyumba yangu? Nikasema nitavumilia. Aliponiona nimefika mlangoni akaongeza kwamba nikizidiwa nyumbani nilale kifudifudi, niegemee viwiko, kifua juu. Moto ukiacha mguu na kurudi kiunoni, hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi, hiyo ni dalili njema. Mifupa nilimwachia. Sijui aliifanyia nini.

Nilijizoeza kukaa. Mke wangu aliinjika maharage, nami nikakaa kigodani. Maji hayajaanza hata kuimba nilikuwa nimeshatoka nje. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Binti yangu alikuwa amefika kutoka Kibondo, anachambua mchele kwenye ungo, ananitazama nikikaa na kunyanyuka.

"Baba, ukisimama Jumamosi mimi naondoka nao."

"Utaondoka bila ng'ombe?"

"Ng'ombe unao wewe, wamening'inia buchani."

"Mdomo huo ndio uliowafanya waje kuposa?"

"Mdomo nimeurithi." Akapeperusha mchele, pumba zikaruka. Halafu akasema bila kunitazama, "Baba, mimi sitaki kuwa hadithi kama ya shangazi. Yule ilimfaa. Mimi huyu namtaka. Ukishindwa kabisa, anguka. Lakini usisimame."

Nilitoka nikatembea mpaka kwa fundi baiskeli na kupita.

Jumamosi walikuja wamepanda gari mbili, vumbi la Kibondo limewakaa kwenye nyusi. Baba wa kijana, mzee mfupi wa maneno machache, ameokoka, kwa hiyo chunguni kulikuwa na togwa na si pombe, lakini jani lilikuwa jani na mirija ilikuwa mirija. Walikiweka mbele ya miguu yangu. Nikakaa. Msemaji wao, mzee mwembamba mwenye koti la kahawia, alivua kofia.

"Gira amashyo," akasema, yaani uwe na makundi ya ng'ombe.

Nikaitikia kama inavyotakiwa. Akaanza. Nakwambia yule mtu alianzia mbali. Alianzia siku walipovuka mto wa mpakani, mama wa kijana akiwa amembeba huyu huyu mposaji mgongoni, amefungwa kwa khanga moja. Akatupitisha kambini, akatupitisha kwenye shamba la kwanza, migomba ya kwanza, uraia. Alisema vizuri, watu waliitikia "ego, ego," yaani ndiyo, ndiyo, na siku nyingine ningemsikiliza mpaka jioni.

Lakini mimi nilikuwa naona kisahani. Alipotaja mto, moto ulikuwa takoni. Alipofika kambini ulikuwa nyuma ya paja. Nilijua kila kituo chake. Niliuona ule ute kama punje ya harage ukisukumwa, na uzi wangu umebanwa ukutani kama mkia wa panya mlangoni. Nikahamia tako la kulia. Nikarudi. Nikanyoosha mguu, nikaurudisha. Jasho likanitoka kwenye tumbo.

Msemaji akakatiza hadithi yake. "Mkwe wetu anakaa kama aliyekalia siafu."

Watu wakacheka, lakini si sana. Macho yote yalikuwa kwenye magoti yangu. Akaendelea, haraka kidogo. Alikuwa anaeleza habari za mtamba wao aliyepotea, eti nyayo zake zimeishia kwenye boma langu, maana ndivyo binti anavyoombwa, wakati mikono yangu ilipokwenda yenyewe juu ya mapaja na kusukuma. Makalio yakanyanyuka. Nikasikia mke wangu anakohoa mlangoni. Vijana wawili wa Murungu waliokuwa kwenye mkeka wakanyoosha mikono, wakashika shingo ya chungu. Nyuma ya pazia, alikokaa binti yangu na wanawake, hapakuwa na sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Yule mwenye mdomo wangu alikuwa amenyamaza.

Sikuweza kukaa tena. Na kusimama sikuwa na ruhusa.

Nikaenda mbele. Goti moja, la pili, mikono chini, kisha tumbo. Nikalala kifudifudi kwenye sakafu ya sebule yangu mwenyewe, na suti yangu, nimeegemea viwiko, pua iko karibu na jani la mgomba. Vijana hawakujua waachie chungu au wakibebe. Hakuna mahali wazee walipopanga baba wa binti akilala inakuwaje.

Moto ulianza kurudi. Uliacha kidole, ukaacha unyayo, ukapanda mpaka goti, paja, ukajikusanya kiunoni ukakaa pale kama jiwe. Jiwe ningeweza. Nikasema, nikiwa pale pale chini, "Endelea, mzee. Nakusikia."

Msemaji alinitazama. Akatazama watu wake. Nilijua ulimi wake unatafuta.

"Sisi tuliambiwa," akasema taratibu, "mzee wa nyumba hii ni dume la kusimama. Tumeogopa njia nzima. Kumbe tumemkuta amelala, anacheua." Akavaa kofia yake. "Ng'ombe aliyelala bomani hafukuzi mtu. Mimi nadhani nimemaliza kusema."

Mrija ulikuwa pale pale mdomoni mwangu, haukuhitaji hata kusogezwa. Nikavuta togwa. Nyuma ya pazia wanawake wakapiga vigelegele, na nilitambua cha nani kilianza.

Na kwa kuwa nilikuwa nimeshalala mbele yao, na hakuna cha kuficha, niliwaeleza. Niliwaeleza yote, bwana, kutoka pale sakafuni: pingili tano si sita, nguzo na boriti, pete za kitunguu, usinga, uzi wa kidole gumba. Niliwaeleza vizuri kuliko daktari, maana mimi nimevishika. Wazee wa Murungu walishuka kwenye viti wakanizunguka pale chini wasikose neno. Baba wa kijana, ambaye mchana kutwa alikuwa hajasema sentensi nzima, aliinama.

"Mimi mgongo wangu, nikitembea mbali miguu yote inakufa. Nikiinamia jembe unapoa. Hata kwenye baiskeli siumii."

"Huo siyo huu," nikamwambia. "Nahisi wako ni mfereji. Lakini usinisikilize mimi, nenda kwa daktari."

"Nilidhani ni uzee."

"Uzee ndio unaoubana. Nenda tu."

Akaitikia kwa kichwa, akabaki amechuchumaa karibu yangu mpaka chakula.

Ng'ombe wameshaletwa, wazuri, migongo imenyooka, niliwapapasa mmoja mmoja kiunoni kwa mazoea. Juu ya gari walilowaletea kulikuwa na kirago kimoja kipya, yaani mkeka wa kulalia, kimekunjwa, kimefungwa kwa kamba ya mgomba. Kirago hakikuwa kwenye makubaliano. Dereva alisema kimetoka kwa baba wa kijana, hakusema neno jingine. Binti yangu alikifungua mwenyewe akakitandika nyuma ya friji.

Kidole gumba nakijaribu kila asubuhi. Mke wangu anakibonyeza, nami navuta. Bado ananishinda, ila sasa anatumia vidole viwili.

Mguu umeanza tena. Nimesimama hapa muda mrefu kuliko nilivyotakiwa. Nalala kidogo kwenye kirago, na mteja akija, agonge friji.